Timu ya Kanisa Gani?

Nilichokipenda kwanza katika ligi ile ya softboli ni kwamba hakuna aliyeniuliza kitu. Unafika uwanjani Jumapili, unapewa fulana yenye jina la baa inayoifadhili timu, unaonyeshwa pa kusimama, mpira ukija unadaka. Basi. Na mimi kuulizwa kulikuwa kumenichosha. Wakili aliyenisaidia bila malipo alishaniuliza mambo ambayo hata dada yangu wa tumbo moja hajathubutu kuyagusa: nilijijua lini, nani alikuwa wa kwanza, nyumbani nani anajua, kuna picha? Alikuwa akifanya kazi yake. Mwanamke anayeomba hifadhi Marekani kwa sababu anapenda wanawake wenzake ana mambo mawili ya kumthibitishia afisa: kwamba akirudi kwao yatamkuta, na kwamba kweli yeye ndivyo alivyo. La kwanza lina karatasi zake, maana kifungu cha 162 cha sheria za jinai za Kenya kinajulikana, na miaka yake 14 ya jela. La pili ndilo linalotoa jasho.

Hiyo ilikuwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, kiangazi cha 2012. Nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na mwenzangu wa zamu ya usiku ndiye aliyenipeleka kwenye softboli ya mashoga na wasagaji. Alinieleza ndani ya gari kwamba miji mingi ya Marekani ina ligi kama hizo tangu miaka ya 1970, na kwamba kila mwaka timu bora hukutana kwa mashindano wanayoyaita kombe la dunia, ingawa dunia yenyewe ni Marekani na Kanada. Wachezaji hupimwa kwa maswali ya ustadi, kisha timu hupangwa kwa madaraja, wakati ule A mpaka D. Sisi tulikuwa D. Tulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akifumba macho kila mpira unapomjia.

Kwa aliyesoma shule ya msingi Kenya, softboli ni raunda iliyopata wafadhili. Kuna vituo vinne, unapiga, unakimbia, unarudi nyumbani. Tofauti ni kwamba gongo ni refu na hushikwa kwa mikono miwili, mpira unarushwa kwa chini upande juu kama embe lililotupwa mtini, na kila mmoja ana glavu kubwa mkononi. Walinzi ni 10. Nilichohangaika nacho ni mazoea ya ule mchezo wetu wa kati: miaka yote ya utoto nilifunzwa kuukwepa mpira, na hapa natakiwa kuufuata. Lakini kupiga nilijua. Siku ya kwanza niliupeleka mpira majanini kabisa nyuma ya walinzi, na kocha wetu, mwalimu wa hisabati mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Voi. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba Voi ina kituo cha kukuza vipaji.

Kocha huyo huyo ndiye aliyenisimulia kisa cha Seattle. Mwaka 2008, kwenye fainali ya lile kombe lao, timu moja kutoka San Francisco ililalamikiwa kwamba ina wachezaji wengi mno wasio mashoga, maana kanuni ya wakati ule iliruhusu wawili tu kwa timu. Wachezaji wakaitwa chumbani mmoja mmoja, mbele ya watu zaidi ya 20, wakaulizwa wanavutiwa na nani. Watatu, wote si Wazungu, wakaamuliwa kwamba hawatoshi kuwa mashoga, na timu ikapokonywa nafasi yake ya pili. Wakaenda mahakamani. Kesi ilimalizwa kwa mapatano mwishoni mwa 2011, nafasi ya pili ikarudishwa, na kanuni ikalegezwa kwa wanaopenda jinsia zote mbili na waliobadili jinsia. Wenzangu waliisimulia kama kichekesho cha viongozi wajinga. Mimi nilicheka nao, ila tumbo lilinishika. Chumba, meza, watu wanaoandika, swali lile. Nilikuwa nangoja barua ya kuitwa kwenye chumba cha namna hiyo hiyo.

(Chumba kilipofika, afisa alikuwa ametoka Chicago, mtu mpole mwenye mafua. Aliisoma barua ya kocha, kurasa mbili zenye tarehe za mechi na hata wastani wangu wa kupiga, akaniuliza nacheza nafasi gani. Nikamwambia kituo cha pili. Akaandika. Nilikubaliwa mwaka uliofuata.)

Jambo moja sikumwambia wakili: Jumapili asubuhi nilikuwa nikienda kanisa la Wakenya. Nilifuata lugha na chapati, sitadanganya. Minnesota ilikuwa ikielekea kura ya Novemba, ya kuandika katika katiba ya jimbo kwamba ndoa ni ya mume na mke tu. Kila mtaa ulikuwa na vibao vimechomekwa majanini, huyu ndiyo, jirani yake hapana. Mchungaji aliiombea ndiyo kila wiki, nami nikasema amina pamoja na wengine, kisha mchana nikavaa fulana ya baa. Moyo haukunisuta sana. Mtu ugenini hula anapopikiwa.

Sasa, Jumapili ya tarehe 5 Agosti sikwenda ibada kwa sababu ya mechi. Tulikuwa awamu ya pili, tumeshachapwa mabao manne, nilipoisikia harufu. Nyama choma ya kwetu haina sosi wala haraka, ni chumvi na moshi, na ukiwa mbali na nyumbani unaitambua kabla hujaona moto. Nikageuka. Ng'ambo ya njia ya baiskeli, chini ya kibanda cha kupikia cha bustani ile ile, walikuwapo wote: kwaya, akina mama wa meza ya chai, mchungaji amekunja mikono ya shati anageuza mbavu. Pikiniki ya kanisa. Nilikuwa nimesahau kabisa tangazo lake. Niliivuta kofia hadi kwenye nyusi, kana kwamba kuna Waswahili wengine wawili wa umbo langu katika uwanja ule.

Wakina mama hawakuniona. Aliyeniona ni Mwalimu.

Jina lake lote lilikuwa hilo. Alikuwa baba wa mmoja wa wazee wa kanisa, amekuja kumtembelea mwanawe kwa miezi sita, na kama wazazi wote wanaoletwa Marekani, alikuwa anakufa kwa kukaa. Alifundisha michezo shule za msingi kule Embu mpaka akastaafu. Alivuka njia na sahani yake mkononi, suti ya kijivu, kofia ya kuchungia jua, akaegemea uzio nyuma ya benchi letu.

"Hiyo si raunda hiyo?"

"Shikamoo, Mwalimu. Ni kama raunda."

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye binti wa Voi! Ndiyo maana leo hatukukuona." Akatafuna, akaangalia. "Hii timu ni ya kanisa gani?"

Fulana yangu ilikuwa na jina la baa kifuani na upinde wa mvua begani. Nikasema ni timu ya mtaani tu. Akauchungulia upinde.

"Agano la Nuhu," akasema. "Wasabato?"

Nikaitwa nikapige. Sijui kama nimewahi kulishukuru gongo kama siku ile. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mtu aliyepigia filimbi madarasa kwa miaka 30: "Miguu! Panua miguu! Usimuangalie mrushaji, angalia mpira!" Kwa Kiswahili, kwa sauti kuu, katika ligi ya mashoga ya Minneapolis. Nilipiga, nikafika kituo cha pili, na niliposimama pale nikaona Mwalimu ameshaingia ndani ya uzio na kuketi kwenye benchi letu.

Aliketi kando ya mwandishi wetu wa mabao, mzee wa Kizungu aliyekuwa mkubwa kuliko sote, goti bovu, asiyecheza tena. Mzee huyo alikuwa na fulana aliyoivaa kila mechi muhimu, rangi imeisha, kola imelegea, maandishi bado yanasomeka. Nilirudi nyumbani kwa pigo la mwenzangu, nikafika benchi nikihema, nikamkuta Mwalimu ameinamia kifua cha yule mzee anasoma kwa sauti, kama asomaye ubao: "Gay Games. Vancouver. 1990."

Nilisimama na glavu mkononi. Ng'ambo ya njia kwaya ilikuwa imeanza wimbo.

Mwalimu akajiegemeza nyuma. Akamwangalia mdakaji wetu, mwanamume wa futi sita na kitu mwenye kucha za zambarau. Akawaangalia wasichana wawili waliokaa wamelaliana mwisho wa benchi. Akauangalia upinde begani kwangu, na safari hii Nuhu hakutajwa. Kisha akamuuliza yule mzee, kwa kile Kiingereza chake kilichonyooka:

"Huko Vancouver mlipata namba ngapi?"

"Tulishindwa mechi zote."

"Zote?"

"Zote. Hakuna mchujo, kila anayetaka anacheza. Aliyeyaanzisha mashindano hayo, Tom Waddell, alikuwa wa sita Olimpiki ya Mexico kwenye michezo kumi, na bado alitaka hata watu kama sisi waingie uwanjani."

Mwalimu akatikisa kichwa. Kwa mwalimu wa michezo, kushindwa mechi zote na kuihifadhi fulana miaka 22 ni jambo linalohitaji maelezo. "Na wenzako wa timu hiyo? Bado mnacheza?"

Mzee akaandika kitu kwenye karatasi ya mabao, ingawa hakuna bao lililokuwa limefungwa. "Wengi hawakuiona miaka mitano mingine," akasema. "Unajua ilikuwa miaka gani."

"Ukimwi."

"Ndiyo. Waddell mwenyewe ulimchukua 1987."

Nilidhani hapo ndipo atakaponyanyuka. Mwalimu aliiweka sahani chini, akafuta vidole kwa leso, mmoja mmoja. "Shuleni kwangu," akasema, "tulizika walimu mpaka nikabaki nafundisha michezo, hesabu na Biblia. Wake na waume. Hakuna aliyetaja ugonjwa. Tulisema malaria, tulisema kifua." Yule mzee akamgeukia. Hawakusema kitu kwa muda, wamekaa bega kwa bega, mmoja suti, mmoja fulana mbovu. Kisha mpira ukapita kati ya miguu ya mlinzi wetu wa kituo cha tatu, na Mwalimu akaruka juu. "Huyo! Huyo wa tatu! Anasimama mbali na kituo! Nani alimpanga pale?"

"Mimi," kocha akasema.

"Basi msogeze!"

Kuanzia hapo timu ilikuwa na makocha wawili. Alituma kijana akalete nyama, ikaja hotpoti nzima, na kachumbari ndani ya mfuko wa plastiki. Wenzangu walikula kwa mikono bila kufundishwa. Wakati huo huo, kule chini ya kibanda, watu walikuwa wamekusanyika kwenye simu moja, na kelele ikapasuka: Ezekiel Kemboi amechukua dhahabu London, mbio za kuruka viunzi na maji. Asubuhi Priscah Jeptoo alikuwa ameshaleta fedha ya marathoni. Mwalimu akasimama, akavua kofia, akawatangazia mashoga wa daraja D habari hizo, nao wakapiga makofi ya heshima kabisa.

Tulifungwa 14 kwa 9. Tulikuwa tukipeana mikono mstarini na wapinzani mkwe wa Mwalimu alipokuja kumchukua. Huyu hakuhitaji kusoma fulana ya mtu. Aliishi mji ule miaka mingi na vibao vyote alivijua. Alisimama upande wa pili wa uzio, akamwangalia mdakaji, akaniangalia mimi, akasema, "Baba, twende." Hakunisalimu. Mwalimu akampa yule mzee mkono, akaushika kidogo, akaondoka na sahani yake. Hotpoti ikabaki kwenye benchi letu.

Juma lile waliokuwa wakinipa lifti ya kanisani hawakupiga simu. Lililofuata pia. Nami sikupiga. Niliondolewa kwenye zamu za chai bila neno, na hilo, nikisema kweli, liliniuma kuliko nilivyotarajia. Halafu siku moja simu ikalia, ni yule mkwe. Moyo ulinidunda mpaka masikioni. Alikuwa anataka hotpoti yake.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nilikaanga mahamri, nikayapanga ndani, nikapanda basi mbili hadi Brooklyn Park, pembeni mwa mji. Alifungua mlango nusu. Akaipokea, akakiinua kifuniko kidogo, akakirudisha.

"Asante," akasema. Karibu haikutoka.

"Ni nani?" sauti ikauliza kutoka sebuleni. Hakujibu. "Ni yule wa Voi? Mlishinda?"

"Tulifungwa tena, Mwalimu," nikasema juu ya bega la mkwewe.

"Na huyo wa kituo cha tatu?"

"Bado yuko pale pale."

"Nilisema!" akafoka. "Nilisema mimi!"