"Kwani wewe unaoga vipi?"

Leo ni wiki ya tano na bado swali hili linanirudia. Nikiosha vyombo, lipo. Nikizima taa nilale, lipo. Fundi niliyemwita kwa ajili ya pampu ya shawa inayozimika katikati ya kuoga kasimama mlangoni mwa bafu, kafungua shawa mara tatu na pampu imenguruma mara zote tatu bila kusita. Akanigeukia:

"Dada, kwani wewe unaoga vipi?"

"Kama watu wote," nikamjibu.

"Basi pampu ni nzima." Akafunga mkoba wake, akaaga.

Tangu hapo nimeshatunga majibu kama kumi, mengine ya adabu, mengine siyaandiki hapa. Unaoga vipi! Mtu mzima na watoto watatu! Wiki hii mdogo wangu kaposwa na kazini tumeletewa bosi mpya, lakini mimi niko na fundi mlangoni mwa bafu.

Ugonjwa wa pampu mnaujua, nimeulalamikia sana humu. Siku tatu inakwenda vizuri. Ya nne, povu limejaa usoni, inanyamaza ghafla na maji yanabaki kuchuruzika kwa uzito wake tu. Ukiichezea koki, inaamka kama si yeye. Baba watoto alishikilia kuwa ni kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Nikamwambia kapasita ikichoka pampu huunguruma lakini haizunguki, na hii yetu hainong'oni hata kidogo. Wala si joto, maana pampu iliyojizima kwa joto haiamki mpaka ipoe, na hii huamka papo hapo. Tangi nalo limejaa. Chujio nimelitoa nikalisafisha, haikusaidia.

Kwa hasira nikachukua daftari. Kila ikigoma naandika: saa ngapi, nani anaoga, koki imefunguliwa kiasi gani. Nilitaka ushahidi wa kumpelekea yule bwana.

Juzi usiku nikalisoma. Imegoma mara sita. Baba watoto hayumo. Watoto hawamo, wao koki wanaifungua mpaka mwisho, hata niseme vipi. Mara zote sita ni mimi. Na mara zote sita nilikuwa najipaka sabuni.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, daftari mapajani. Nikijipaka sabuni huwa napunguza maji, yabaki uzi mwembamba tu, yasipotee bure. Nimefanya hivyo tangu utotoni, mama alitufundisha. Fundi alifungua mpaka mwisho mara zote tatu. Kumbe lile swali lilikuwa la kazi! Alikuwa anauliza nafungua kiasi gani, mimi nikamjibu kama mtu aliyetukanwa.

(Ila angeweza kuuliza vizuri zaidi. Hapo sirudi nyuma.)

Pampu hizi huwashwa na maji yenyewe. Ndani kuna kijiti chenye sumaku. Maji yakipita yanakiinua, sumaku ikifika juu swichi inashika. Maji yakiwa machache mno, kijiti hakiinuki. Lakini mbona zamani kilikuwa kinainuka na uzi wangu uleule? Jana nikafungua maji kidogo, pampu kimya, nikasogeza sumaku ya spika mbovu karibu na ile swichi, kwa nje. Ikanguruma! Basi swichi nzima, kinachokwama ni kijiti.

Nikazima umeme kwenye swichi kubwa, nikafunga maji, nikafungua kifuniko. Kijiti kilikuwa na ukungu wa chokaa, na katikati kimezungukwa na uzi mweupe, mwembamba, laini, umejiviringisha kama nywele kwenye kitana. Nikauvuta kwa kibanio cha nyusi. Ukanyooka kiganjani, karibu urefu wa kidole.

Tepu ya mabomba, ile tunayozungushia kwenye meno ya bomba maji yasivuje.

Sasa, nani alibadilisha koki ya kutoka tangini mwezi juzi? Wenye kumbukumbu mnakumbuka hata nilivyojisifu hapa, na picha nikaweka.

Baba watoto aliniuliza nimekuta nini. Nikasema uchafu. Si uongo.

Asubuhi nimeoga na uzi wangu wa maji, pampu inanguruma mwanzo mwisho. Nilitegemea nitoke bafuni naimba. Badala yake nimeandika ujumbe kwa fundi, nikafuta, nikaandika tena. "Samahani, huwa nafungua kidogo." Mtu anapokea ujumbe kama huo Jumapili asubuhi, ataelewa nini? Haujatumwa mpaka sasa.

Halafu kuna huyu kitinda mimba wangu. Nimemtazama sasa hivi akifanya kazi ya shule mezani, kichwa kakiinamisha hadi pua inakaribia kugusa karatasi. Nikadhani anacheza. Nikamwambia ainue kichwa, akainua, akaangalia daftari, akafinya macho, akarudi palepale. Nikabaki na swali la fundi mdomoni: kwani wewe unaona vipi?