Oktoba ya picha mjini London

Kwetu pwani vuli huja na mvua, lakini mjini London mwezi wa Oktoba huja na wafanyabiashara wa sanaa kutoka kila pembe ya dunia. Maonyesho ya Frieze, yaliyoanza mwaka 2003, hufanyika ndani ya mahema makubwa katika bustani ya Regent's Park. Nilizunguka humo kwa saa tatu, nikatoka na maumivu ya miguu na kumbukumbu chache.

Mapenzi yangu yako kwenye maonyesho ya 1-54, yaliyoanzishwa na Touria El Glaoui mwaka 2013 katika jumba la Somerset House, kando ya mto Thames, na ambayo jina lake linahesabu nchi 54 za bara moja, Afrika. Vyumba vyake ni vya kadiri, hivyo mtu huisogelea picha hadi akaona alama za brashi. Bei mara nyingi haibandikwi ukutani. Sharti uulize, nami, niliyevaa koti la kuazima, nilijibiwa kwa upole wa mtu asiyetarajia kuuza.

Msimu huohuo, kwenye jumba jingine, nilisimama mbele ya mchoro wa Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, ambaye hupaka rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kinachopondwa kwa nyundo za mbao nchini Uganda. Gome hilo lina matundu na mishono, naye haifichi: tundu moja lilikuwa limeangukia begani mwa mtu, na rangi imelizunguka.