Injini yangu iliponoki: kuitengeneza au kununua nyingine

Swali la kutengeneza au kununua nyingine ni jepesi injini ikiwa ya kawaida. Unajumlisha spea, unaweka bei ya injini mpya pembeni, unaamua. Injini iliyokwisha kuongezwa nguvu ni habari nyingine, kwa sababu ndani yake kuna fedha na kazi ambazo hazikutoka dukani pamoja nayo. Ukiitupa, unaogopa kuvitupa vyote hivyo. Ukiitengeneza, unaweza kujikuta unalipia tena kitu ambacho kimekwisha. Mimi nimepita hapo na gokati yangu, kale kagari kadogo ka mashindano, na nitaeleza nilivyoamua.

Ni injini ya silinda moja, stroki nne, sentimita za ujazo 196: pistoni ya milimita 68, mwendo wa milimita 54. Injini za namna hii utaziona kwenye pampu za maji na jenereta, na kiwandani gavana, kifaa cha kudhibiti kasi, huzizuia zisipite mizunguko 3,600 hivi kwa dakika. Yangu haikuwa na gavana tena. Ilikuwa na kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, inayoziinua juu zaidi, springi za valvu zilizo ngumu, jeti kubwa (tundu la kupitisha petroli) kwenye kabureta, ekzosi iliyo wazi, na flaiwili (gurudumu zito la kranki) ya aluminiamu badala ya ile ya chuma cha kusubu, maana ya chuma cha kusubu haikuundwa kwa kasi hiyo na ikipasuka inaweza kuua mtu. Konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki, ule mhimili mkuu unaozunguka, ilikuwa ya kiwandani.

Ilikatika nikiwa nimekanyaga mafuta hadi mwisho. Injini iligonga kwa sauti kavu ya chuma, ikajifunga, na tairi za nyuma zikaburuzika.

Kwamba ni konrodi iliyokatika haikunishangaza, na yeyote anayeondoa gavana aielewe hesabu hii. Nguvu inayoivuta konrodi pale pistoni inapogeuka juu hupanda kwa mraba wa mizunguko. Kutoka mizunguko 3,600 hadi 5,400 umeongeza nusu tu ya kasi, ila mvuto umekuwa mara 2.25. Wastani wa kasi ya pistoni nao umetoka mita 6.5 hadi mita 9.7 kwa sekunde. Aluminiamu ya kusubu inavumilia hayo kwa muda, kisha inachoka.

Ushauri ulikuja haraka. Wengine walisema nunua konrodi, funga, endesha. Wengine walisema peleka kwenye vyuma chakavu. Aliyenisaidia kweli ni fundi mmoja wa mashine za kukereza ambaye hakutaka hata kusikia habari za bei. “Ndugu yangu,” aliniambia, “kipime kwanza kile usichoweza kukiunda wewe. Kranki na bloku, mwili wenyewe wa injini. Hivyo viwili vikishakujibu, mengine yote ni bolti.”

Nikamwaga oili kupitia kitambaa cheupe. Zilibaki punje za aluminiamu, nyingine kubwa kama kucha ya kidole kidogo, na kipande cha kile kijiko kilicho chini ya konrodi kinachorusha oili. Injini hizi hazina pampu ya oili. Kijiko hicho ndicho kila kitu. Ndiyo maana nilikagua kwa makini pini ya kranki, yaani pale konrodi inaposhika. Kama oili ilikuwa haifiki, chuma huungua na kugeuka bluu au cheusi. Changu kilikuwa na rangi yake ya kawaida, kimepakwa aluminiamu upande mmoja tu. Basi lubrikesheni ilikuwa nzima na konrodi ilikatwa na kasi. Tofauti hiyo ina maana kubwa: kama chanzo ni oili, ukifunga konrodi mpya bila kutatua tatizo la oili, utairudia kazi ileile.

Aluminiamu iliyoganda kwenye pini haipimiki, lazima itoke kwanza. Usiikwangue kwa tupa. Kostiki soda iliyochanganywa na maji huila aluminiamu na kuuacha chuma salama. Nilitoa kranki nje kabisa, nikavaa glavu na miwani, nikafanyia kazi mahali penye hewa kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi inayowaka, nikapaka pini peke yake kwa brashi. Povu likapanda, likatulia, nikaosha kwa maji mengi, nikakausha na kupaka oili papo hapo ili isishike kutu. Kostiki hiyo ikigusa bloku, italila nalo, kwa hiyo viwili hivyo visikae meza moja.

Kisha mikrometa. Pini mpya ya injini hii ni milimita 30.00, na kikomo cha kuchakaa ni 29.92. Nilipopima mkao mmoja nilipata 29.95, nikafurahi. Nilipogeuza mikrometa nyuzi 90 nikapata 29.90. Pini ilikuwa imekuwa yai. Anayepima mara moja tu angeifunga kranki hiyo akiamini ni nzima, na konrodi mpya ingegongagonga hadi ifuate njia ya mwenzake.

Kuikereza pini iwe nyembamba zaidi kunawezekana, lakini unahitaji konrodi yenye tundu dogo linalolingana nayo. Niliyokusudia kuifunga, iliyochongwa kutoka kipande kizima cha aluminiamu imara, sikuipata kwa saizi hiyo. Kwa hiyo orodha ya matengenezo ikawa na kranki mpya. Hata hapo, nakiri wazi, moyo wangu ulikuwa bado upande wa kutengeneza. Bloku lile nililizoea.

Bloku ndilo lililokata shauri. Kwa macho lilionekana zima: hakuna tundu, silinda haina mikwaruzo ya kushikwa na ukucha, mkwaruzo mmoja tu ndani karibu na tundu la kamshafti pale kipande cha konrodi kilipopiga. Nililiosha kwa petroli likakauka kabisa. Nikapaka mafuta ya taa sehemu yote ya ndani iliyozunguka mkwaruzo, nikayaacha yazame, nikafuta hadi pakauka, kisha nikasugua chaki iliyosagwa. Baada ya muda mfupi mstari mwembamba wa unyevu ulijichora juu ya chaki. Ulianzia kwenye mkwaruzo, ukapita chini ya tundu la kamshafti, ukaelekea kwenye kikalio cha beringi kubwa ya kranki.

Ufa mahali pengine ningeufikiria. Kuchomelea aluminiamu kwa gesi ya agoni ni kazi inayojulikana, ingawa bloku lililolowa oili kwa muda mrefu husumbua fundi. Tatizo ni pale ulipo. Joto la kuchomelea hukunja kikalio cha beringi, na kikalio kikipinda hata kidogo, kranki haikai sawa na kamshafti, meno yanakulana, beringi inakufa. Utalazimika kukichonga upya kwa mashine ili kirudi kwenye mstari. Kwa injini kubwa ya gharama kubwa, sawa. Kwa injini inayotengenezwa kwa wingi namna hii, bloku na kranki peke yake hukaribia bei ya injini kamili, ambayo inakuja na pistoni, hedi (kifuniko cha juu cha silinda), gasketi, oili sili na koili ya umeme juu yake.

Hapo ndipo nilipoiona hesabu ilivyo. Nilikuwa nikiogopa kuipoteza injini niliyoijenga, kumbe nilichojenga karibu chote kilikuwa kinafunguka kwa spana. Nikaacha kulinganisha injini na injini, nikaandika sehemu moja moja: hii ni ya kwangu na ni nzima, hii ni ya kiwandani na imekufa. Kwenye mstari wa vilivyokufa vilikuwapo bloku, kranki, konrodi na pistoni, vyote vya kiwandani. Nikanunua injini mpya ya kawaida.

Sikuivunja siku hiyohiyo. Niliiendesha kwanza ilivyotoka kiwandani, na gavana yake, nikamwaga oili ya kwanza na kuikagua. Dhamana huwa imekwisha mara unapoigusa ndani, kwa hiyo kama ina kasoro ya kiwandani ni bora ijitokeze kabla.

Kuhamisha sehemu kunataka subira kuliko kununua. Kabureta, ekzosi na springi zilihama bila maneno. Flaiwili niliikagua kwanza kwenye mfereji wa kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachoishika kwenye kranki, maana injini ikijifunga ghafla pigo lote huishia pale. Kamshafti na tapeti zake huzoeana, kila tapeti na kishavu chake, yaani uvimbe wa kamshafti unaoisukuma, kwa hiyo nilizitia alama tangu nilipozitoa ili zisibadilishane nafasi. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita: bloku jipya halilingani na la zamani kwa kila kipimo, na pistoni inaweza kupanda juu zaidi. Kwa kamshafti yenye kuinua valvu juu, hilo linaweza kuikutanisha valvu na pistoni. Niliweka udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, nikafunga hedi, nikazungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili, nikafungua na kuukata ule udongo kupima unene wake pale valvu zilipougusa. Nafasi ilitosha.

Konrodi mpya ni ile imara, na niliihakikisha ina kijiko chake cha oili kinachotazama upande sahihi. Bolti zake zimekazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha aliyeitengeneza, si kile cha konrodi ya kiwandani. Nafasi za valvu nimezipima injini ikiwa baridi kabisa.

Mambo mawili yangebadilisha uamuzi wangu. Ufa ungekuwa kwenye kava ya pembeni, ningetengeneza, kwa kuwa kava hununuliwa peke yake na kufungwa kwa bolti. Na kama bloku lingekuwa limechongwa kwa ajili ya pistoni kubwa, au valvu zimeongezwa upana, sehemu kubwa ya kazi ingekuwa ndani ya chuma chenyewe, haihamishiki, na ningekuwa radhi kulipia kranki mpya ili kuiokoa. Langu halikuwa limechongwa popote. Kava ya zamani, roka na hedi nimeziosha na kuzihifadhi kama spea. Bloku nimelitia alama ya rangi nyekundu kwenye ule ufa, lisije likafungwa tena na mtu asiyejua.