Kumbukumbu ya mradi: kuirudisha rangi ya mdomo iliyoondolewa sokoni

Rangi inayotafutwa ni kahawia ya tofali, yenye mng'ao hafifu, ya aina iliyotamba miaka ya 1990. Kiwanda hakiitengenezi tena, na kilichobaki ni kisiki chini ya kichupa. Lengo ni kupata mchanganyiko wa lipstiki zinazouzwa sasa ambao, ukishapakwa kwenye mdomo wenye weusi wa asili, mtu hautofautishi na ile ya zamani. Kulingana kwenye karatasi hakutoshi, na sharti hilo la mdomo ndilo limeamua mengi ya yaliyofanyika hadi sasa.

Kisiki ni kipimo, hakipakwi tena

Lipstiki iliyofunguliwa miaka mingi huchacha: hutoa harufu ya mafuta ya zamani na matone madogo juu, yaani "jasho" la mafuta yaliyojitenga na nta. Haifai tena kwenye mdomo, lakini kama sampuli ya rangi bado ina thamani kubwa. Kata milimita 1 hadi 2 za juu kwa wembe safi na uzitupe, kwa sababu tabaka hilo limefifia na kukauka. Chini yake ndipo rangi ya kweli ilipo. Chukua kidogo, pakaza kwenye karatasi nene nyeupe, uihifadhi ndani ya bahasha gizani, maana baadhi ya rangi nyekundu za lipstiki hufifia zikikaa kwenye mwanga. Kisiki chenyewe kifunge vizuri na ukiweke kwenye friji.

Boksi linasema nini

Kama boksi la zamani bado lipo, soma orodha ya viambato. Rangi huandikwa kwa namba za CI (Colour Index, orodha ya kimataifa ya rangi). CI 77491 ni oksidi nyekundu ya chuma, 77492 ni ya njano, 77499 ni nyeusi. CI 77891 ni dioksidi ya titani, ile nyeupe. CI 15850 ni nyekundu ya kutengenezwa maabara inayopatikana kwenye lipstiki nyingi sana. Tatizo ni kwamba namba zinazofuata alama ya +/- ni za mfululizo mzima wa lipstiki hizo, kuanzia waridi hadi zambarau, kwa hiyo orodha haikuambii zipi zimo kwenye kichupa chako. Faida yake ni ya kuondoa: rangi isiyotajwa kabisa haimo, na hapo unaacha kuiwaza.

Kinachobaki hujulikana kwa kupima. Paka kidogo nyuma ya mkono, acha dakika 10, kisha futa kwa pamba yenye mafuta. Pakibaki doa la waridi lisilotoka, kuna rangi za jamii ya eosini (CI 45380 au 45410), ambazo huingia kwenye ngozi na kuitia wekundu. Pasipobaki kitu, wekundu huo kwa kiasi kikubwa unatokana na oksidi za chuma au rangi zisizoyeyuka. Kisiki cha mradi huu kilifutika karibu chote. Kwa kipimo hicho, nyekundu zote zinazoacha doa zilitolewa kwenye orodha hata zile zilizofanana sana kwa macho.

Kadi nyeusi na nyeupe

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Lipstiki mbili zinaweza kulingana kabisa kwenye karatasi nyeupe, kisha zikaachana mdomoni, kwa sababu moja inaficha kilicho chini yake na nyingine inakipitisha. Mdomo mweupe hausemi sana juu ya hilo. Mdomo wenye weusi, au wenye rangi mbili, juu kahawia na chini waridi, unalisema mara moja.

Chukua kadi nyeupe, paka nusu yake wino mweusi wa kalamu nene, kisha funika kadi yote kwa plastiki angavu. Vuta mpako mmoja wa kisiki ukivuka mpaka wa nyeusi na nyeupe, na pembeni yake mpako wa lipstiki unayoijaribu, kwa unene uleule. Unene uleule hupatikana kwa kubandika vipande viwili vya selotepu kama reli na kupitisha ukingo wa kadi ngumu katikati yake. Sasa angalia upande mweusi. Kisiki kule kilionekana kahawia iliyojaa, yenye joto. Lipstiki moja iliyolingana nacho vizuri sana upande mweupe iligeuka kijivujivu upande mweusi, kama mdomo uliopakwa majivu. Sababu ni dioksidi ya titani nyingi mno: nyeupe hiyo hutawanya mwanga, na juu ya kitu cheusi hutoa ubuluu wa maziwa. Haifai, na hakuna kuongeza wekundu kutakakoiponya.

Baada ya hapo chovya kidole kwenye mafuta ya nyonyo na usugue mwisho wa kila mpako hadi ubaki kivuli tu. Kwenye wembamba ule rangi ya ndani hujitokeza. Kahawia mbili zinazofanana zikiwa nene hugawanyika: moja inaelekea chungwa, nyingine inaelekea zambarau. Kisiki chetu kinaelekea chungwa.

Mwanga

Linganisha barazani, kivulini, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mbali na ukuta wa kijani au buluu, kwa sababu ukuta hurudisha rangi yake. Kisha linganisha tena chini ya balbu ya njano ya sebuleni (2700K), na tena chini ya taa nyeupe ndefu kama za dukani. Rangi zilizotengenezwa kwa viambato tofauti huweza kukubaliana kwenye mwanga mmoja na kukosana kwenye mwingine. Ikilingana kwenye mwanga mmoja tu, bado hujaipata.

Picha za mtandaoni zitumike kuondoa zile zilizo mbali kabisa, basi. Simu hurekebisha rangi yenyewe kila picha. Ukilazimika kupiga, weka mipako yote miwili na karatasi nyeupe ndani ya picha moja, na usilinganishe picha mbili tofauti.

Mchanganyiko

Hakuna lipstiki moja ya dukani iliyopita vipimo vyote. Zilizobaki ni mbili: A, kahawia ya chokoleti isiyo na weupe mwingi, na B, nyekundu ya tofali. Zote ni za kijiti chenye msingi wa nta na mafuta. Hilo si dogo. Lipstiki za kimiminika zinazokauka mdomoni zisiyeyushwe kwa moto hata kidogo: nyingi zina isododekani, ambayo huruka hewani na kushika moto, na zikichanganywa na zile za nta hujitenga na kuwa chengachenga.

Majaribio yalifanyika baridi, juu ya kioo, kwa kisu butu. Pima kwa mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Usichanganye chini ya gramu 0.50 kwa jumla, maana kosa la 0.01 kwenye kipande cha gramu 0.05 ni sehemu ya tano nzima. Uwiano wa A 60 kwa B 40 ulifika karibu, lakini ulipopanguswa ulielekea waridi. Dawa yake ni njano, kidogo sana, na njano ya unga haipimiki kwa kiasi hicho. Kwa hiyo hutengenezwa rojo: gramu 1 ya CI 77492 kwa gramu 3 za mafuta ya nyonyo, ikasagwa kwenye kioo hadi isiache mistari inapovutwa kwenye karatasi. Rojo lisiposagwa vya kutosha, mstari wa njano utatokea mdomoni saa moja baadaye.

Unga huo uwe wa daraja la vipodozi. Oksidi ya sakafu inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi ina jina lilelile, lakini haikupimwa madini mazito. Kanuni za Marekani kwa oksidi za chuma za vipodozi zinataka risasi isizidi sehemu 10 kwa milioni na aseniki isizidi 3. Wanja na poda za macho nazo zisisagwe kuingizwa humu. Baadhi zina buluu ya chuma (CI 77510) au kijani cha kromiamu, ambazo kanuni hizohizo haziziruhusu kwenye midomo.

Uwiano wa sasa, kwa gramu 2:

A: gramu 1.20
B: gramu 0.72
Rojo la njano: gramu 0.08

Weka kwenye kikombe kidogo cha kioo kilichofutwa kwa spiriti ya 70% na kukauka kabisa. Tone la maji huharibu ulaini. Kikombe kikae ndani ya maji ya moto ya nyuzi 75 hadi 80, yasiyochemka. Koroga polepole kwa kijiti bila kuingiza hewa, na koroga tena kabla tu ya kumimina, kwa sababu oksidi za chuma ni nzito na huzama. Mimina kwenye kikopo cha bati, si kwenye kichupa. Kijiti cha lipstiki kinahitaji ugumu ambao mafuta ya rojo yanaupunguza, na kwa joto la Dar au Mombasa kitapinda. Anayetaka kijiti aongeze nta ya kandelila, 2% hadi 3%, akijua mng'ao utaongezeka.

Ilipofikia

Barazani inalingana, kwenye kadi nyeusi na nyeupe pia. Chini ya balbu ya njano inalingana. Chini ya taa nyeupe ya dukani inaonekana nyekundu kidogo kuliko kisiki. Ninavyoona, chanzo ni B: orodha yake inaanza na CI 15850, wakati kisiki kinaelekea kuwa na oksidi za chuma zaidi. Mng'ao nao umezidi kidogo, jambo la kawaida lipstiki isiyong'aa inapoyeyushwa.

Kinachofuata ni kuipunguza B hadi gramu 0.40 na kujaza pengo kwa rojo la CI 77491, lililotengenezwa kama lile la njano, likiongezwa gramu 0.05 kwa wakati na kupimwa kwanza chini ya taa nyeupe, huko ndiko kasoro iliko. Mng'ao utashughulikiwa baadaye kwa silika ya vipodozi, kuanzia 2%. Kwa anayehitaji rangi leo, penseli ya mdomo ya kahawia yenye uchungwa ikipakwa mdomo mzima, kisha mchanganyiko huu juu yake, inaufunika wekundu ule hata dukani.