Jumapili yangu Kibuye, asubuhi ile Yamamoto alirudi kurusha

Saa tisa usiku. Nimeamka hapa Manyatta, mama watoto bado amelala, nimewasha simu mwanga chini kabisa maana huko Toronto gemu ya saba ya World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, ndo inaanza, Dodgers wa Los Angeles (LA), timu yangu, na Blue Jays wa Toronto, kila mtu ashashinda tatu, wa leo anabeba kombe. Ni tarehe 2 Novemba 2025, Jumapili, siku kubwa ya soko la Kibuye hapa Kisumu, so kurudi kulala haiko.

Mapema tu Bo Bichette wa Blue Jays anampiga Ohtani, mrushaji wetu, homurani, yaani mpira unatoka nje kabisa, watatu wanazunguka besi zote mpaka nyumbani, 3-0. Nikanyamaza, nikaoga, nikafunga gunia la kofia.

Saa kumi na mbili nishatandika turubai, kofia za kamera, zile safi kabisa, mbele, za LA mbele zaidi. Iningi ya tisa, zamu ya mwisho ya kawaida, tuko chini 4-3, Miguel Rojas, wa kwetu, ambaye homurani si kazi yake, akapiga moja akasawazisha! Mama wa nyanya akauliza kuna nini, nikamwambia, "Mathe, tumesawazisha!" Akacheka, akaendelea kupanga nyanya.

Halafu akaingia Yamamoto, mrushaji wetu. Jana yake tu alikuwa amerusha mipira 96 kwa gemu ya sita, na mrushaji wa kuanza kawaida hupumzika siku nne tano ndo arudi, lakini huyu hapa, na Blue Jays washaweka watu wawili kwa besi. Akamgonga Kirk na mpira, na ukigongwa unapewa besi ya kwanza bure, besi zote tatu zikajaa, mmoja akifika nyumbani tumepoteza. Varsho akaupiga chini, Rojas akauokota akarusha nyumbani, Will Smith akakanyaga besi kidogo tu kabla jamaa afike, auti. Clement akaupiga mbali, Pages wetu akakimbia akamparamia mwenzake Hernández na mpira bado ukabaki kwa glavu, zamu yao ikaisha. Sikuwa nauza kitu wakati huo, kusema ukweli.

Sare ikaleta zamu za ziada, iningi ya kumi na moja Smith akapiga homurani, 5-4. Na hapo ndo naupendea huu mchezo, kwa futiboli ukiongoza moja unapeleka mpira kwa kona unakula dakika, besiboli haina saa ya kumaliza gemu, lazima umrushie mpira mtu anayeweza kukumaliza. Guerrero wa Blue Jays akafika besi ya pili, akasukumwa ya tatu, mwingine akapewa ya kwanza. Kirk akapiga, gongo likavunjika, Betts wetu akakanyaga ya pili akamrushia Freeman kwa ya kwanza, auti mbili mara moja. Imeisha! Saa moja na kitu asubuhi.

Mchana ni kazi tu, jua kali, watu wengi, bei zinapanguliwa.

Saa tisa kijana akashika kofia ya LA, "Omera, hii ngapi?" Mia mbili. Nikamwambia hao ndo mabingwa wa leo, mara ya pili mfululizo, na mrushaji wao ameshinda gemu tatu kwa hiyo fainali moja, akapewa na MVP, mchezaji bora wa fainali. Akauliza jina nikamwandikia kwa simu yake, Yoshinobu Yamamoto, akalipa akaanza kumtafuta pale pale amesimama, nikamwambia aanzie iningi ya tisa.