Ubuntu imegoma kufunguka baada ya sasisho? Usifute diski kwanza

Umesasisha Ubuntu, umewasha upya, na sasa skrini ni nyeusi tii. Au kuna kistari kinachopepesa kwenye kona. Au unaandika nywila, skrini inazimika kidogo, kisha unarudishwa palepale pa kuandika nywila. Mara nyingi mfumo wenyewe ni mzima. Kilichoanguka ni sehemu inayochora madirisha. Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ukiulizwa jina la mtumiaji kwa maandishi matupu, umeshapata pa kufanyia kazi. Ingia kwa jina na nywila yako (haionekani ikiandikwa, hata nyota hazitokei, ndivyo ilivyo).

Anza na `df -h`. Wengi huiruka amri hii kwa sababu haionekani kuhusiana na skrini, lakini diski ikijaa, GNOME (eneo-kazi la Ubuntu, yaani madirisha na menyu zake) hushindwa kuandika faili zake wakati unaingia, na wewe unatupwa nje. Tazama mstari wa `/` (diski kuu), na wa `/boot` (sehemu ya faili za kuwashia) kama upo. Penye 100%, anza kusafisha: `sudo apt clean` huondoa vifurushi vya programu vilivyokwisha kupakuliwa, na `sudo journalctl --vacuum-size=200M` hupunguza logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo. Iliyojaa ikiwa ni `/boot`, huenda initramfs (faili ya kuanzishia mfumo) ya kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, haikuandikwa ikakamilika. Endesha `sudo apt autoremove --purge` ili kerneli kuukuu ziondoke, kisha `sudo update-initramfs -u -k all`. Kwenye autoremove, soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kukubali: ukiona `ubuntu-desktop` (eneo-kazi) au `gdm3` (skrini ya kuingilia) humo, jibu n.

Sasisho lililokatizwa njiani, iwe umeme ulikwenda au chaji iliisha, huacha vifurushi vimefunguliwa bila kusanidiwa. `sudo dpkg --configure -a` huvimalizia. Baada yake `sudo apt --fix-broken install` hutafuta vinavyokosekana. Fuata mpangilio huo. Kama eneo-kazi lenyewe liliondolewa, `/var/log/apt/history.log` itakuonyesha, na `sudo apt install ubuntu-desktop gdm3` italirudisha. Intaneti ya waifai unaipata kwa `nmtui`, bila dirisha lolote.

Sasa kadi za picha za NVIDIA, ambazo zina mambo yake. Draiva yake huhitaji moduli (kipande kinachochomekwa kwenye kerneli) iliyojengwa kwa kerneli ileile unayotumia. Kerneli ikibadilika na moduli isijengwe, `nvidia-smi` italalamika kwamba haiwezi kuwasiliana na draiva. Linganisha `uname -r` na `dkms status`: kama draiva yako inasimamiwa na DKMS (chombo kinachojenga moduli upya kwa kila kerneli) lakini kerneli ya sasa haimo kwenye orodha, sakinisha `linux-headers-$(uname -r)` kisha endesha `sudo dkms autoinstall`. Iwapo moduli imejengwa vizuri na bado haipakiwi, uliza `mokutil --sb-state`. Secure Boot (ulinzi unaokagua saini wakati wa kuwasha) ikiwa imewashwa, kerneli hukataa moduli ambayo saini yake haitambuliki. Hapa ndipo wengi hujikwaa: ile skrini ya bluu iliyotokea kompyuta ilipowashwa baada ya draiva kusakinishwa ilikuwa inataka uidhinishe ufunguo wa saini hiyo (MOK), nao wakachagua kuendelea tu. Rudia kwa `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, weka nywila ya muda, washa upya, chagua Enroll MOK na uiandike nywila hiyo.

Ctrl+Alt+F3 isipoitika, washa upya uingie kwenye menyu ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo: gusa Esc kwenye mashine mpya ya UEFI, shikilia Shift kwenye ile ya BIOS ya zamani. Ndani ya Advanced options for Ubuntu chagua kerneli iliyotangulia. Ikifunguka, kosa liko kwenye kerneli mpya au draiva yake, si kwenye faili zako. Zote zikigoma, bonyeza e, ongeza `nomodeset` (huizuia kerneli kupanga mwonekano wa skrini) mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha F10. Inadumu kwa uwashaji huo mmoja tu, na iache hivyo. Wanaoiweka moja kwa moja hubaki na skrini ya mwonekano duni wakidhani wametengeneza.

Diski ina nafasi, draiva ni nzima, lakini bado unarudishwa kwenye nywila? Tengeneza mtumiaji mwingine kwa `sudo adduser jaribio`. Yeye akiingia bila shida, tatizo ni la folda yako ya nyumbani na hakuna haja ya kusakinisha chochote. Angalia `ls -l ~/.Xauthority`: ikimilikiwa na root (mtumiaji mkuu wa mfumo), kwa kawaida kutokana na programu ya madirisha iliyoendeshwa kwa sudo, irudishe kwa `sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`. Mshukiwa wa pili ni nyongeza za GNOME zilizoandikwa kwa toleo la zamani. Zihamishe: `mv ~/.local/share/gnome-shell/extensions ~/nyongeza-zamani`, kisha `sudo systemctl restart gdm3`. Ukishaingia, zirudishe moja moja, ukitoka na kuingia kila mara, hadi uijue iliyoleta balaa.