Mbona hakishoni?

Leo siku ya nne, na sauti ya binti wa kaka yangu bado imo masikioni. Kazini nimehamishiwa kitengo kingine, mdogo wangu amejifungua salama, lakini nikizima taa ninachosikia ni maneno yale mawili tu.

"Shangazi, hiki nini?"

"Kishona nguo," nikajibu bila hata kuinama.

Mnamjua, hakubali jambo kwa kuambiwa tu. Akapitisha upindo wa gauni lake juu ya mmea aone kama mbegu zitanasa, akarudia, akaukagua.

"Mbona hakishoni?"

Nikamwambia mbegu hazijakomaa. Akasema, "Haya," tukaendelea na safari.

Hiyo "haya" ndiyo inayoniuma. Kukosea jina la gugu si kitu. Magugu mawili, hilo aliloniuliza na kishona nguo, yanafanana ukiyatazama umesimama, njano katikati na weupe kidogo pembeni. Lakini vichwa vilishakauka, mbegu zinapukutika, na nilikuwa naziona. Badala ya kusema sijui, nikamfanya mtoto aone gauni lake ndilo limekosea. Nimejiambia labda hakujali. Alijali. Njia nzima hakuuliza mmea mwingine.

Jana nikarudi peke yangu, nikapiga magoti. Kishona nguo chenyewe kilikuwa hatua chache tu kutoka pale! Shina lina pembe nne, unazihisi ukilizungusha vidoleni. Jani limegawanyika, vijani vitatu au vitano, kingo kama msumeno. Na mbegu, jamani: nyeusi, nyembamba kama sindano, zimechanua kila upande, kila moja ina meno mawili au matatu kwenye ncha. Meno yenyewe yana vimiiba vinavyoelekea nyuma, ndiyo maana yakishaingia kwenye nyuzi hayatoki kirahisi. Wataalamu wanauita Bidens pilosa. Bidens ni Kilatini, meno mawili. Ule wangu wa kwanza ni Galinsoga parviflora. Jani lake ni zima, petali zake kwa kawaida ni tano, fupi mno, kila moja ina ncha tatu, na mbegu hazina ndoano hata moja. Ungeupitishia gauni hadi jioni usingeshona kitu. Nilikaa pale mpaka magoti yakalowa, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo wiki nzima.

Nikachuma kitawi cha kila mmoja, nikamwekea mezani.

"Wewe ndiye uliyeona sawasawa. Mimi nilikosea, kisha nikakuficha."

Hakujibu. Akachukua kile chenye sindano, akanibandika begani, akavuta kidogo kujaribu.

"Hiki kinashona," akasema. Kisha akauliza kile kingine kinaitwaje, nikamtamkia polepole, naye akarudia mara tatu.

Mama naye ni kama mimi, anasema goti lililokuwa likimuuma limetulia. Lakini asubuhi nimemwona akishika ukuta kutoka chumbani hadi mlangoni, na alipojua namtazama, akauachia.